Kaye ya majeraha: namna timu ya mtaa Goma inavyoweza kujua kinachowaumiza wachezaji wake

Muulize kocha yeyote wa timu ya mtaa hapa Goma, awe wa Mabanga, Ndosho au Katindo, kwa nini wachezaji wake wanaumia. Atakujibu kabla hujamaliza swali: mawe. Na ana sababu ya kusema hivyo. Lava ya volkano ya Nyiragongo iliyopita katikati ya mji Januari 2002 iliacha mwamba mweusi ambao vijana wanachezea juu yake hadi leo. Mvua ikishausafisha udongo kidogo tu, makali yanatokeza.

Sasa muulize swali la pili. Msimu uliopita, wangapi waliteguka kifundo cha mguu? Kati yao, wangapi walikuwa wameshateguka kifundo hichohicho? Wangapi waliumia bila kugongwa na mtu na bila kukanyaga jiwe lolote? Hapo anakuna kichwa. Anamkumbuka yule aliyevunjika mguu, maana mtaa mzima ulitoka kumpeleka hospitali. Wale waliokosa wiki moja moja kimyakimya hawakumbuki, na pengine ndio waliomnyima pointi nyingi zaidi.

Mwongozo huu ni wa kuanzisha kaye ya majeraha: daftari la kawaida la shule, kalamu, na mtu mmoja mwenye bidii. Njia yenyewe si mpya. Willem van Mechelen na wenzake wa Uholanzi waliiandika mwaka 1992, na watafiti wa majeraha ya michezo wangali wanaifuata: pima kwanza tatizo lina ukubwa gani, tafuta linatoka wapi, weka kinga, kisha pima tena. Timu nyingi huanzia kwenye kinga. Wananunua bendeji, wanaiga mazoezi waliyoyaona kwenye simu, na mwisho wa msimu hakuna anayeweza kusema kama yamesaidia au la.

Hatua ya 1: Tafuta wa kuandika, asiwe kocha

Kocha ndiye anayepanga kikosi. Mchezaji anayeitaka namba yake ya Jumapili hatakwenda kumwambia kuwa paja linamvuta. Mbele ya kocha atatembea sawa, akifika kwao ndipo atachechemea. Kwa hiyo kaye ikae kwa mtu asiye na usemi juu ya nani acheze: sekretari wa timu, mchezaji wa zamani, dada wa mmoja wa wachezaji anayependa mpira na mwandiko wake unasomeka, au mwanafunzi wa kine (fiziotherapia) kama mtaa wenu umebahatika kuwa naye. Sharti moja tu: awe anafika mazoezini kila mara. Anayekuja siku za mechi peke yake atakosa mambo mengi.

Ukurasa wa kwanza uwe na majina, kila jina na namba yake. Kurasa zote zinazofuata ziwe na namba tupu, na huo ukurasa wa majina abaki nao mwandishi nyumbani kwake. Habari hupita haraka katika mji huu. Timu pinzani ikijua goti la mshambuliaji wenu ni bovu, imeshajua pa kumgonga. Na mchezaji akisikia mambo ya mwili wake yanasimuliwa sokoni, hatakwambia tena lolote.

Hatua ya 2: Kubalianeni jeraha ni kitu gani

Hapa ndipo kaye nyingi zinapoharibika. Mmoja anaandika kila mkwaruzo, mwingine anangoja damu. Mwaka 2006 wataalamu walioitishwa na FIFA walikubaliana juu ya maana za kutumia katika utafiti wa majeraha ya mpira wa miguu. Kwao, jeraha ni lalamiko lolote la mwili linalotokana na mechi au mazoezi. Ila waliligawa: kuna lile lililohitaji mganga, na kuna lile lililomfanya mchezaji akose mazoezi au mechi iliyofuata.

Timu isiyo na mganga ichukue hilo la mwisho. Maumivu yamo ndani ya mtu, na kila mtu anayapima kwa kipimo chake. Kukosekana kiwanjani kila mmoja anakuona. Andikeni basi kanuni hii juu ya ukurasa wa pili: *jeraha ni lile lililomzuia mchezaji kushiriki kikamilifu mazoezi au mechi iliyofuata.* Neno "kikamilifu" lina uzito. Aliyekuja akapiga pasi za kusimama pembeni wakati wenzake wanacheza, bado hajarudi.

Siku ya kuumia ni sifuri. Anza kuhesabu kesho yake, na uache siku anayorudi kufanya mazoezi yote na wenzake. Siku 1 hadi 3 ni jeraha dogo sana, 4 hadi 7 ni dogo, 8 hadi 28 ni la kati, zaidi ya 28 ni kubwa. Migawanyo hiyo nayo imetoka katika makubaliano ya 2006, kwa hiyo ukiitumia unaweza kuzungumza lugha moja na kine yeyote anayesoma utafiti, wa hapa au wa Nairobi.

Kila jeraha lipate mstari mmoja wenye mambo haya: tarehe, namba ya mchezaji, mechi au mazoezi, dakika ya ngapi, sehemu ya mwili na upande, amegongwa au hakugongwa, kiwanja kilikuwaje, ni jeraha jipya au la kurudia, tarehe aliyorudi. Mfano:

*14/3, namba 9, mechi, dakika 78, kifundo kulia, hakugongwa (alitua vibaya baada ya kuruka), kiwanja kikavu, la kurudia, amerudi 27/3.*

Hapo ni siku 12, jeraha la kati. Mstari huo mmoja una habari nyingi kuliko masimulizi ya nusu saa.

Safu mbili zisiachwe kamwe wazi. Ya kwanza ni *amegongwa au hakugongwa*. Beki aliyeingia na viatu juu huwezi kumzuia kwa mazoezi ya mwili. Hiyo ni kazi ya mwamuzi na ya malezi. Lakini aliyechanika msuli akikimbia peke yake, au aliyeteguka akigeuka, huyo mwili wake unaweza kuandaliwa. Safu ya pili ni *la kurudia*: jeraha la aina ileile, mahali palepale, baada ya mchezaji kuwa amerudi kikamilifu. Likirudi ndani ya miezi miwili, mara nyingi ni ishara kwamba alirudishwa mapema.

Kabla ya kushika kalamu

Jeraha linapotokea, mwandishi huwa wa kwanza kuulizwa: huyu aende hospitali, au akae? Kwa kifundo cha mguu kuna kanuni iliyotungwa Ottawa, Kanada, na Ian Stiell na wenzake, ikachapishwa mwaka 1992, ambayo haihitaji mashine. Bonyeza ukingo wa nyuma na ncha ya ule mfupa unaotokeza upande wa nje wa kifundo, kisha wa ndani, kuanzia chini kabisa hadi kama sentimita sita juu. Bonyeza pia mfupa unaotokeza katikati ya ukingo wa nje wa unyayo, na ule wa upande wa ndani mbele kidogo ya kifundo. Akiruka kwa maumivu unapobonyeza mfupa wenyewe, au akishindwa kutembea hatua nne pale alipoumia na baadaye tena mbele ya mganga, anahitaji picha ya eksirei. Kuchechemea kunaruhusiwa, hatua nne za kuchechemea ni hatua nne. Yasipokuwepo hayo, uwezekano wa mfupa kuvunjika ni mdogo sana, na familia inaweza kuokoa pesa ya picha.

Kwa siku mbili tatu za kwanza: bendeji ya kubana kiasi, mguu uinuliwe juu ya mto, na mtu aanze kukanyaga kadiri maumivu yanavyomruhusu. Kukanda kwa maji ya moto na kuuvuta mguu "ili mshipa urudi" kungoje. Najua bibi yako atakasirika, lakini kifundo kilichovimba jana hakitaki kuvutwa leo.

Kichwa ni habari nyingine kabisa. Aliyegongwa kichwa akapoteza fahamu, akachanganyikiwa, akatapika au akasema haoni vizuri, anatoka na harudi siku hiyo, hata kama amebaki mchezaji mmoja benchi na hata yeye mwenyewe akilia. Akiendelea kutapika, akisinzia bila kuamka vizuri au kichwa kikizidi kuuma, ni hospitali mara moja.

Hatua ya 3: Hesabu saa

Hatua hii huchosha watu, na ndiyo inayoifanya kaye iwe utafiti badala ya orodha ya masikitiko. Timu iliyopata majeraha sita kwa mwezi iko vibaya kuliko iliyopata manne? Huwezi kujibu mpaka ujue kila timu ilicheza kwa muda gani.

Mechi ni rahisi. Wachezaji 11, saa moja na nusu kila mmoja: 11 mara 1.5 ni saa 16.5. Mkibadilisha wachezaji haidhuru, wako 11 kiwanjani muda wote. Mazoezi: hesabu waliohudhuria, zidisha kwa muda wa mazoezi. Wachezaji 18 kwa saa moja na nusu ni saa 27. Andika namba hiyo kila siku ya mazoezi nyuma ya kaye, usingoje mwisho wa mwezi, kwa sababu mwisho wa mwezi hakuna anayekumbuka Alhamisi walikuja wangapi. Wiki ambayo mji umesimama na hamkufanya mazoezi, andika sifuri. Sifuri hiyo itakuja kukueleza jambo, kwa sababu timu iliyokaa wiki tatu bila mpira kisha ikaingia mechi moja kwa moja huwa inalipa.

Tuseme kwa mwezi mmoja mmefanya mazoezi mara 12, wastani wa watu 18, saa moja na nusu kila mara. Ni saa 324. Mmecheza mechi 4: saa 66. Majeraha yakawa matatu mazoezini na matatu kwenye mechi. Gawa majeraha kwa saa, zidisha kwa 1,000. Mazoezi: 3 kwa 324 ni majeraha 9.3 kwa kila saa 1,000. Mechi: 3 kwa 66 ni 45.5 kwa kila saa 1,000. Idadi ni sawa, tatu na tatu, lakini hatari ya mechi ni karibu mara tano.

Ili uwe na pa kulinganishia: Jan Ekstrand wa Sweden amekuwa akifuatilia klabu kubwa za Ulaya kwa ajili ya UEFA tangu 2001. Katika matokeo aliyochapisha 2011, majeraha yalikuwa takriban 4 kwa saa 1,000 za mazoezi na 27.5 kwa saa 1,000 za mechi, na timu ya wachezaji 25 ilitarajia majeraha kama 50 kwa msimu mmoja, yaani mawili kwa kila mchezaji. Hao ni watu wenye madaktari, nyasi za kumwagiliwa na vyakula vya kupimwa. Usione aibu ya namba zako. Ila usizisome kwa mwezi mmoja pia; majeraha matatu yanaweza kuwa bahati mbaya tu. Ngoja miezi mitatu angalau, nusu msimu ni bora.

Hatua ya 4: Waulize wale ambao hawajaacha kucheza

Kanuni ya kukosa mazoezi ina tundu moja kubwa. Mchezaji mwenye goti linalouma polepole kwa miezi miwili, anayecheza kila Jumapili huku akikunja uso, hataonekana kwenye kaye yako hata mara moja. Watafiti wa kituo cha majeraha ya michezo cha Oslo waliliona tundu hilo, na mwaka 2013 wakatoa maswali manne ya kuuliza kila wiki. Ukiyaweka kwa Kiswahili chetu ni hivi: Wiki hii umeshiriki mpira bila tatizo, kwa tatizo, au hukuweza? Umepunguza mazoezi kwa sababu ya maumivu? Kiwango chako kimeshuka kwa sababu hiyo? Una maumivu kiasi gani?

Waliyauliza kuhusu goti, mgongo na bega; wewe uliza kuhusu sehemu inayosumbua timu yako. Fanya Jumatatu, kwa mchezaji mmoja mmoja, pembeni, kabla mpira haujaguswa. Dakika moja kwa kila mtu inatosha. Mkiuliza wakiwa wamekaa duara, wote watajibu "niko fiti".

Hapa naongeza swali la tano ambalo Oslo hawakulihitaji: *wiki hii umefanya kazi gani?* Winga wenu akiwa amesukuma chukudu (kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo) ya makaa au viazi kutoka Kibumba asubuhi, akabeba bidoni za maji kutoka ziwani mchana, saa kumi jioni anapofika kiwanjani mwili wake umeshafanya mazoezi ambayo kocha hayajui. Kocha anamwona mvivu. Kaye inamwona amechoka.

Kuna njia rahisi ya kupima mzigo, iliyoenezwa na Carl Foster wa Marekani: kama nusu saa baada ya mazoezi, muulize mchezaji yalikuwa magumu kiasi gani kutoka 0 hadi 10, kisha zidisha jibu lake kwa dakika. Mazoezi ya dakika 90 aliyoyapa 6 ni 540. Jumlisha wiki nzima. Ilitungwa kwa mazoezi, lakini sioni sababu ya kutomwuliza mwendesha chukudu alama ya asubuhi yake pia. Hutapata namba ya kuchapisha. Utapata namba ya kukueleza nani apumzishwe Alhamisi. Ukiona jumla ya mchezaji imepanda ghafla kupita wiki zake zilizotangulia, mpunguzie mbio kabla mwili haujajipunguzia wenyewe.

Na wavulana wa miaka 12 hadi 15 wanaolalamikia kile kifupa kinachotokeza chini ya goti, wasiambiwe ni uvivu. Mfupa unakua, kano inauvuta. Wapunguziwe kuruka na kupiga mashuti mpaka maumivu yatulie.

Hatua ya 5: Kaa na kaye, usome

Baada ya miezi mitatu, mwandishi, kocha na kama inawezekana kine mmoja wakae mezani. Msianze na majina. Anzeni na safu moja baada ya nyingine.

Sehemu ya mwili: ipi imejirudia? Dakika: je, yanaangukia mwisho wa kila kipindi? Ekstrand aliona kwenye klabu za Ulaya kwamba majeraha ya mechi yanaongezeka kadiri kila kipindi kinavyokwenda, na kama yenu ni vivyo hivyo, basi uchovu una mkono wake. Kugongwa: kama mengi ni ya kugongwa, zungumzeni na waamuzi na wachezaji. La kurudia: kama theluthi ya majeraha yenu ni ya kurudia, tatizo lenu la kwanza ni haraka ya kuwarudisha watu.

Halafu ndiyo mfikie mawe. Tazameni safu ya kiwanja. Yawezekana kocha alikuwa sahihi, na majeraha ya kifundo yanakaa kwenye kile kiwanja kimoja cha makali. Kama ni hivyo, Jumamosi moja ya vijana wote na nyundo na mikokoteni ya udongo itafanya kazi kuliko mazoezi yoyote. Yawezekana pia vifundo vinateguka kwenye kiwanja kizuri sawasawa na kibaya, na wanaoteguka ni walewale wanne. Katika tafiti za kifundo, kuwa umeshateguka zamani ni miongoni mwa dalili zinazoonekana mara nyingi kwa atakayeteguka tena. Kano iliyonyooshwa inapona, lakini hisia ya kifundo, ule uwezo wa kujua kimekaa vipi bila kukitazama, hairudi yenyewe kwa kupumzika. Inabidi ifundishwe.

Hatua ya 6: Chagua kinga moja, uifanye kweli

Moja. Nimeona timu zikileta mazoezi kumi kwa wiki moja, na wiki ya tatu hakuna hata moja linalofanyika.

Kama kaye inaonyesha mchanganyiko wa kila kitu, chukueni programu ya kupasha mwili ya FIFA 11+. Ni mazoezi 15, dakika kama 20, mpira na viatu tu. Sehemu ya kwanza ni mbio za polepole zenye kufungua nyonga na kugusana mabega, dakika 8. Ya pili ni nguvu, usawa na kuruka, dakika 10, na kila zoezi lina ngazi tatu za ugumu. Ya tatu ni mbio za kasi na kugeuka, dakika 2. Inafanywa angalau mara mbili kwa wiki. Kabla ya mechi mnafanya sehemu za mbio peke yake.

Ushahidi wake ninaoupenda kuliko wote hautoki Ulaya. Ulifanyika Lagos, Nigeria, na kuchapishwa 2014: timu 20 za vijana, wavulana 416 wa miaka 14 hadi 19, nusu ya timu zikapewa 11+ na nusu zikaendelea na kupasha mwili kwa kawaida yao. Waliopewa walipata majeraha pungufu kwa asilimia 41. Norway, mwaka 2008, kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, majeraha yalipungua kwa karibu theluthi. Timu za wasichana hapa Goma zisingoje mtu azikumbuke. Programu hii kwanza ilithibitishwa kwao.

Kama tatizo ni vifundo vya kurudia, kazi ni ya usawa, na inafanyika nyumbani. Waholanzi walitoa mpango wa wiki nane, mara tatu kwa wiki, kwa wanamichezo 522 waliokuwa wametoka kuteguka, bila mwalimu wa kuwasimamia. Matokeo yalichapishwa 2009: hatari ya kuteguka tena ilipungua kwa theluthi moja hivi. Anza kusimama mguu mmoja, nusu dakika, goti limekunjwa kidogo. Ukiweza, fumba macho. Ukiweza, simama juu ya blanketi lililokunjwa mara nne. Ukiweza, rafiki akurushie mpira. Mwisho, ruka mbele na utue kwa mguu uleule bila kuyumba. Hakikisha goti linatazama mbele, lisiingie ndani. Hilo linalinda na goti lenyewe.

Kama ni misuli ya nyuma ya paja, kuna zoezi linaloitwa la Nordiki, ambalo linafanyika watu wawili wawili. Unapiga magoti juu ya gunia lililokunjwa (kwenye lava usithubutu bila gunia), mwenzako anashika vifundo vyako vibaki chini. Mwili ukiwa umenyooka kutoka magotini hadi kichwani, jiachie mbele polepole, ukijizuia kwa nyuma ya mapaja mpaka usiweze tena, kisha dondokea mikono na ujisukume urudi. Nyonga zisikunjwe, wengi wanadanganya hapo. Denmark walilijaribu kwa timu 50, wakachapisha 2011: kundi lililofanya lilipata majeraha 15 ya misuli hiyo, lililokuwa na mazoezi ya kawaida 52. Ratiba yao iliingia taratibu: wiki ya kwanza siku moja, mara 5 kisha mara 5, wiki ya pili siku mbili, 6 na 6, wiki ya tatu siku tatu, seti tatu za 6 hadi 8, ya nne seti tatu za 8 hadi 10, kuanzia ya tano hadi ya kumi, 12, 10 na 8. Baadaye mara moja kwa wiki ya kuilinda nguvu hiyo.

Siku mbili baada ya mara ya kwanza mapaja yatauma hadi kukaa kitini ni taabu. Mwambie kila mtu mapema, la sivyo wiki ya pili hawatakuja. Na msianze zoezi hili siku iliyotangulia mechi.

Kunyoosha misuli ukiwa umesimama tuli, kule kuinama kwa sekunde nyingi ambako timu zote zinakufanya kabla ya mpira? Utafiti haujaonyesha kuwa kunapunguza majeraha kwa kiasi cha maana. Anayekupenda aendelee, lakini kusichukue nafasi ya zile dakika 20.

Hatua ya 7: Pima tena

Endeleeni na kaye vilevile, kanuni zilezile, mwandishi yuleyule ikiwezekana. Ongezeni safu moja: leo kinga imefanywa, ndiyo au hapana, na watu wangapi. Bila safu hiyo hamtajua kama programu imeshindwa au ni ninyi mlioiacha. Watafiti wa Norway waliporudi kutazama nani alifanya nini, waliofanya mara nyingi zaidi ndio waliokuwa na majeraha machache.

Baada ya miezi mingine mitatu, pigeni hesabu ileile ya saa 1,000, kipindi cha kwanza kando ya cha pili. Ikishuka, jiulizeni mambo mawili kabla ya kufurahi: je, mwandishi alichoka akaacha kuandika? Je, mechi zilikuwa na timu dhaifu? Ikiwa haikushuka na kinga ilifanywa kweli, rudini hatua ya 5, huenda mlisoma sababu isiyo yenyewe.

Mkipeleka mchezaji kwa kine, mwandishi anakili mistari yote ya namba yake kwenye karatasi na kuipeleka pamoja naye. Kine anayeona kuwa kifundo hiki kimeteguka mara tatu kwa miezi saba, kila mara bila kugongwa, atafanya kazi tofauti na yule anayeambiwa tu "aliumia Jumapili". Na mwandishi akihama mtaa au akiacha, ukurasa wa kanuni abaki nao anayempokea. Ukurasa wa majina uandikwe upya, ule wa zamani uchomwe.